Inchi Tano za Paa

Kambi ya Bwawa, Montana
5 Machi 1950

Mdogo wangu Ardith,

Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Theluji bado imelala huku, na zege halijali. Tunamwaga mchana kutwa, majiko yanawashwa pembeni ya ukuta ili lisigande kwa baridi kabla ya kukauka. Ukinusa koti langu utadhani nilizaliwa ndani ya mfuko wa saruji.

Nakuandikia habari za gari. Ile Ford ya mwaka thelathini na mbili niliyoitoa kwenye banda la kuku la mzee Pruitt haiwezi kuendelea kukaa gerejini kama maiti. Umri wangu thelathini na moja, na jambo moja tu nimelitaka tangu nilipotoka jeshini: kukaa ndani ya gari nililolitengeneza, pale ziwa kavu la El Mirage, na kulikanyaga mpaka mwisho wa uwanja. Mashindano ya mwisho ya mwaka ni Oktoba. Nimeomba likizo ya wiki na bosi amekubali. Kwa hiyo ni mwaka huu.

Mwambie rafiki yangu Chon Armenta aanze na paa. Lilivyo sasa limesimama kama kibanda cha simu, linakamata upepo wote wa California. Likatwe, lishushwe. Ila usimruhusu apime kwa rula peke yake. Sisi watu wa magari haya paa tunalipima kwa mtu. Mtu anakaa kitini, anaegemea, anavaa kofia ngumu ya mashindano, na fundi anapitisha ngumi kati ya kofia na paa. Ngumi ikipita, hapo ndipo unapokata. Mimi sipo, basi tafuteni mtu akae.

Madigadi yote yang'oe. Boneti pia. Rangi tutaamua baadaye.

Kaka yako,
Verlin Stroud


Bell Gardens, California
22 Machi 1950

Kaka Verlin,

Barua imefika na alama ya dole lako la saruji imeganda juu ya bahasha. Posta wameipiga muhuri pamoja na stempu.

Nilimsomea Chon barua yako kibarazani kwake. Akasema, "Huyo kaka yako anatoa amri kama jenerali, na jeshi lenyewe ni mimi na wewe." Halafu akachukua tochi akaja gerejini. Ndivyo alivyo. Anachomelea meli San Pedro siku nzima, akirudi nyumbani anakula, anambusu mkewe Eulalia, kisha anakuja kuchomelea tena.

Umeandika "fundi, fundi" kila mstari, Verlin. Unadhani ni nani amekwangua kinyesi cha kuku kwenye dashibodi? Nikitoka karakana ya masofa saa kumi na moja, naenda gerejini na nguo za kazi. Vali zote nimezisugua mimi, kwa kile kijiti unachokizungusha kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Chon alimwaga petroli juu yake kuona kama inapenya. Haikupenya hata tone. Akasema, "Wee mtoto, nani kakufundisha?" Nikamwambia, "Wewe, jana." Kabureta tatu tumezitoa kwenye magari mabovu yadi ya Whittier. Chon hataki kusikia habari ya kipuri kipya. Anasema gari la dukani wanaliendesha akina daktari.

Ninavaa ovaroli lako. Nimekunja miguu mara nne na bado naikanyaga.

Huyo mtu wa kukaa kitini nimtoe wapi? Wanaume wa mtaa huu wote wanafanya zamu.

Ardith


Kambi ya Bwawa
16 Aprili 1950

Ardith,

Hii itakuwa fupi, mikono imepasuka na kalamu inauma.

Huyo wa kukaa, chukua mtu yeyote mwenye makalio na kichwa. Usinikwamishe kwa jambo dogo. Muda unakwenda, paa likichelewa na rangi itachelewa.

Kuna Mnorwe mmoja hapa bwenini, anaitwa Thorvald, kitanda chake kiko chini ya changu. Jana usiku wenzetu walipokuwa wakicheza karata nilikuwa nawaeleza jinsi gari litakavyokuwa. Akasema, "Stroud, gari lako ndilo la ajabu kuliko yote duniani. Linakwenda maili mia kwa saa na halijatoka gerejini." Wakacheka mpaka mmoja akadondosha karata zake. Nami nikacheka. Lakini nikishika beleshi kesho yake, gari hilohilo ndilo linaloniinulia mkono.

Vali umezisugua vizuri, kama ni kweli.

Verlin


Bell Gardens
28 Mei 1950

Kaka,

Paa limekatwa!

Ungekuwapo, ungelia. Chon alichora mistari ya chaki kwenye nguzo zote, akazunguka gari mara nyingi kuliko mbwa anayetafuta pa kulala, akapiga ishara ya msalaba na kuanza na msumeno. Tulipolinyanyua paa, mimi upande huu na Eulalia upande ule, gari lilibaki kama beseni. Eulalia akasema, "Mmeliua." Chon akamwambia, "Ngoja nilifufue."

Nguzo za nyuma zimelala, kwa hiyo paa likishuka hazikutani tena, unajua mwenyewe. Ilibidi alipasue paa katikati na kulirefusha. Lile tundu la katikati ya paa, ambalo Ford waliliziba kwa kitambaa kiwandani, Chon ameliziba kwa bati la gari la kubebea maziwa. Palipounganishwa tumejaza risasi ya kuyeyusha, mimi nikishika moto na yeye akiipapasa kwa kibao cha mti uliolowekwa mafuta, kama anampaka mtoto losheni. Nimepiga msasa wiki mbili. Ukifumba macho ukapitisha kiganja, huwezi kujua pameshonwa wapi. Nami ni mshonaji, najua mshono.

Madirisha sasa ni membamba kama macho ya mtu anayelenga bunduki. Watu wanasimama barabarani. Mvulana wa gazeti amegonga mti na baiskeli.

Nimefikiri rangi nyeusi. Nyeusi tupu, bila mng'aro mwingi. Unasemaje?

Ardith


Kambi ya Bwawa
18 Juni 1950

Ardith,

Umeniandikia kurasa mbili juu ya risasi, losheni na mvulana wa gazeti. Nimezisoma mara tatu. Hakuna mahali uliposema mmekata inchi ngapi.

Ngapi?

Tuma picha. Nyeusi ni sawa.

Verlin


Bell Gardens
9 Julai 1950

Kaka Verlin,

Injini imewaka! Jumamosi, jaribio la pili. Ekzosi bado hazina sailensa, na mama Kimbrough wa jirani alitoka na ufagio akidhani tanki la gesi limelipuka. Akanifokea, "Ardith Stroud, mama yako angekuwa hai angekuchapa!" Nikamwambia, "Mama angekuwa hai angeomba lifti." Akafikiri kidogo, akasema kweli.

Sauti yake, Verlin. Haingurumi kama lori. Inakoroma kifuani, kisha ukikanyaga inapanda mpaka unaisikia kwenye meno. Chon alikaa juu ya ndoo akasikiliza macho yamefumbwa. Akasema silinda ya tatu inachelewa. Nikarekebisha plagi. Akaitikia kwa kichwa kama baba mkwe aliyeridhika.

Nimelizungusha mtaani, mwendo wa kutembea, hadi duka la mikate na kurudi. Breki zinavuta kulia, nitazirekebisha.

Picha hiyo hapo. Nimeipiga kwa ubavuni ili uone umbo. Kiti nimekishona mwenyewe kwa ngozi iliyobaki karakana, rangi ya damu ya mzee.

Ardith


Bell Gardens
13 Agosti 1950

Ndugu yangu Verlin,

Mimi si mtu wa kuandika, unanijua. Eulalia amenikalisha mezani na kunipa kalamu, anasema jambo kama hili lisipite bila mtu kushukuru.

Nimefanya kazi na wanaume wengi wenye magari. Wote ni wachoyo. Ukigusa usukani wao wanatoa macho. Na mimi ni mmoja wao, Eulalia ndiye anayenong'ona hapa nyuma yangu. Kwa hiyo siku dada yako aliponiambia, "Kaka ameandika nikae mimi, upime kwangu," nilimwuliza mara mbili. Akanisomea barua yako: mtu yeyote mwenye makalio na kichwa. Nikamwambia Eulalia, huyu jamaa yuko kule kwenye baridi anabeba zege, na gari amemwachia mdogo wake kwa mzaha ili asijione amepewa msaada. Hiyo ndiyo roho.

Nilipitisha ngumi kati ya kofia na paa, nikakata inchi tano. Ungekaa wewe tusingevuka mbili, na gari lingebaki la kawaida. Kwa tano, ndugu yangu, hakuna kama hili kuanzia hapa hadi Bakersfield. Nimekata mapaa mengi. Hili ndilo nitakaloulizwa nikifa.

Akikaa ndani unadhani walizaliwa pamoja. Tutafutie pa kukimbizia.

Rafiki yako,
Encarnación Armenta (Chon)


Kambi ya Bwawa
22 Agosti 1950

Ardith,

Inchi tano.

Urefu wangu ni futi sita na inchi nne. Wewe unanifikia kwapani. Unajua hilo tangu ulipokuwa na miaka kumi na sita na ukaacha kurefuka.

Chon ananishukuru kwa roho nzuri. Sijamjibu. Nimjibu nini? Nimwambie hakuna roho, kuna dada aliyeficha mambo miezi mitatu na akapiga picha kwa ubavuni?

Ninakuja Oktoba. Nitaendesha gari langu ziwani hata kama itabidi nilikate tena paa lile na kulitupa lote. Mwambie Chon aniachie msumeno.

V.


Bell Gardens
3 Septemba 1950

Verlin,

Msumeno uko kwenye msumari, upande wa kushoto wa mlango. Blade ni mpya.

Sasa nisikilize, kwa sababu sitaandika haya mara mbili. Uliandika mtu yeyote. Ningeweza kujificha nyuma ya neno hilo, na Chon angeniunga mkono. Sitajificha. Nilijua. Nilipokaa kitini na Chon akaweka chaki kwenye nguzo, nilijua kabisa kwamba hutaingia. Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha akasema, "Ardith, egemea vizuri, tulia, nikupime."

Mashati yangu yote yalikuwa yako. Viatu vyangu vya shule vilikuwa vyako, mama akajaza magazeti mbele. Kitanda ninacholalia kilikuwa chako. Karakana wamenipa aproni ya mwanamke aliyestaafu, mifuko yake inanifikia magotini. Nina miaka ishirini na minne, na mtu hajawahi kuniambia tulia nikupime. Basi nilitulia.

Na tangu hapo nimelitengeneza kama langu. Kila vali. Kila mshono. Hata breki, ambazo hazivuti tena kulia.

Hili halina samahani ndani yake. Nimeitafuta, sikuiona. Ukitaka kulikata, njoo ulikate, mimi nitakushikia taa uone vizuri.

Ardith


Kambi ya Bwawa
29 Oktoba 1950

Chon, rafiki yangu,

Nisamehe kwa kuondoka bila kupita kwako. Najua Jumapili ile ulikuwa zamu, na najua Ardith hasemi, kwa hiyo nakueleza mimi mwenyewe yaliyotokea.

Kwanza, barua yako ya Agosti. Ulinisifu kwa jambo ambalo sikulifanya. Sikuwa nimemwachia gari. Niliandika ovyo kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu kichwani mwangu mtu anayekaa ndani ya gari lile hakuwa na umbo lingine ila langu. Ndiyo ukweli. Usimwambie Eulalia mara moja, mwache anisifu siku mbili tatu zaidi.

Nilifika Bell Gardens Ijumaa mchana. Ardith hakunisalimia kwa maneno, alifungua mlango wa gereji tu. Nikauchukua msumeno wako. Niliweka blade kwenye nguzo ya mbele, upande wa dereva, nikavuta mara moja. Uliona ule mkwaruzo kwenye rangi? Ni wangu. Yeye alisimama na taa kama alivyosema.

Kisha nikarudi nyuma nione nitakata wapi nguzo ya pili. Hapo ndipo nililiona, Chon. Picha haikuonyesha. Mapaa mengine yaliyokatwa yanakaa juu ya gari kama kofia ya kuazima. Hili limeanzia kwenye kioo, likapita, likashuka nyuma kama mgongo wa mnyama anayetaka kuruka, na hakuna mahali jicho linapokwama. Gari limesimama na linakwenda. Nimeyapenda magari haya tangu nikiwa kijana, na mtu anayeyapenda hawezi kukata kitu kile. Angekata mkono wake kwanza. Nikautundika msumeno.

Ardith akazima taa akasema, "Chakula kipo." Tukala maharage na mkate wa mahindi kama hakuna kilichotokea.

Lakini sikukata tamaa. Nikasema, nitajikunja. Jumapili alfajiri tulilivuta kwa lori hadi ziwani. Umeshawahi kuona asubuhi nzuri kama ile? Hakuna upepo, ardhi imekauka na kupasuka kama sahani. Magari yamepangwa mstari, watu wanapashana joto kwa kahawa na matusi. Nikaingia kwanza miguu, kisha mabega, kichwa mwisho. Magoti yalikuwa pande zote mbili za usukani, kidevu juu ya kifua. Lile tundu la kitambaa ungeliacha, ningetoa kichwa kama kobe.

Mkaguzi alikuja, mzee mfupi mwenye sigara isiyowaka. Akainama dirishani.

"Kaa vizuri."

"Nimekaa vizuri."

"Umekaa kama dagaa kwenye kopo. Inua kichwa, kijana."

"Nikikiinua nitatoboa paa."

Akajaribu kupitisha ngumi kati ya kofia yangu na paa. Hata bahasha isingepita. Akazunguka gari polepole, akapapasa ule mshono wa nyuma, akapiga mluzi.

"Nani kakata hili?"

"Armenta, wa Bell Gardens."

"Mpe salamu zangu. Na alimkatia nani? Maana si wewe."

Nilikuwa nimekunjwa kama kisu cha mfukoni, sioni kitu ila mkanda wake. Nikajikuta nasema, "Alimkatia dada yangu." Ndiyo mara ya kwanza nilipolisema. Lilitoka bila shida kuliko nilivyotegemea.

Ardith alikuwa amesimama pale na kofia ngumu mkononi. Akasema, "Mimi naingia. Nipime." Yule mzee akamtazama, akaitazama kofia, akatazama ardhi. "Binti, naona unaingia. Lakini kanuni za ziwa hili ni wanaume tu. Sikuziandika mimi." Jamaa mmoja nyuma akacheka. Ardith akamgeukia akamwambia, "Wewe cheka tu, gari lako linavuja mafuta," na kweli lilikuwa linavuja.

Basi. Hakuna aliyeendesha. Tulilivuta kurudi nyumbani. Asubuhi nilipanda basi akiwa kazini.

Uniambie, Chon, bila kunihurumia. Nilikuwa nikililia gari, au nini? Mwaka mzima na nusu nimejiambia kule Bell Gardens kuna kitu kinanisubiri. Kumbe hakikuwa kinasubiri. Kilikuwa kinaishi, na mtu wa kuishi nacho. Wivu ndio ulionikaba, si paa.

Verlin


Kambi ya Bwawa
12 Novemba 1950

Mdogo wangu,

Niliondoka bila kuaga, na huo haukuwa uungwana. Nilihofia kwamba nikifungua mdomo nitasema neno baya, na mengine mazuri yaliyokuwa nyuma yake yasingepata nafasi ya kutoka. Sasa yasikilize.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ya gari. Nimesaini nyuma. Andika jina lako lote, kwa wino, kabla ya kusoma zaidi.

Umeandika? Haya.

Sikupi zawadi, usiniandikie asante. Gari ni la aliyelitengeneza, ndivyo tunavyosema sisi sote tukikaa kwenye viti vya mbao mbele ya gereji, tena kwa kelele. Nimelisema mara nyingi sana. Ilikuwa bado kulitenda. Mimi nililitoa kwenye banda la kuku. Wewe ndiye uliyelitoa kinyesi.

Ziwani hawakutaki. Sawa, wabaki na vumbi lao. Kuna fundi mmoja wa mitambo hapa, kijana wa Santa Ana, anasema kwao upande ule wamefungua njia ya mbio kwenye uwanja mdogo wa ndege, kila Jumapili. Magari mawili kwa pamoja, robo maili, bendera inashuka mnaondoka. Nimemwuliza swali moja tu: wanawake? Akasema mwenye pesa ya kiingilio na breki zinazoshika anaingia, na wameshaendesha kadhaa. Nenda. Mchukue Chon akusikilizie injini.

Jambo moja la ufundi. Bendera ikishuka usikanyage mafuta yote mara moja, matairi yatazunguka na mwenzako ataondoka. Achia klachi kama unavyoachia uzi kwenye cherehani. Gia ya pili ichelewe kidogo kuliko masikio yanavyotaka.

Mkwaruzo nilioutia kwenye nguzo, upige msasa.

Verlin


Bell Gardens
3 Desemba 1950

Kaka Verlin,

Nimeandika jina langu kwa wino. Kisha nikakaa ndani ya gari mpaka Eulalia akanifuata na supu.

Mkwaruzo sijaupiga msasa. Nimeupaka rangi juu, lakini ukijua ulipo unauona. Uache.

Jumapili tulienda wote watatu, lori la Chon mbele. Mkaguzi alichungulia matairi, akakanyaga breki, akapitisha ngumi kati ya kofia yangu na paa. Ikapita. Akaandika namba ubavuni kwa chokaa na kuniambia nisogee mstarini, bila neno jingine. Verlin, ile "sogea mstarini" ni tamu kuliko ndoa.

Wa kwanza kupangwa nami alikuwa jamaa mwenye gari jekundu lililong'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Akainama dirishani kwake: "Bibie, mwenye gari yuko wapi?"

Nikamwambia, "Kafunge mlango wako vizuri."

Bendera ikashuka. Niliachia klachi kama ulivyosema. Gari lilijikunja nyuma, likakaa, likaondoka. Yule wa gari jekundu alichoma mpira mpaka moshi ukamficha. Gia ya pili niliichelewesha mpaka Chon, kama alivyoniambia baadaye, alianza kusali kwa sauti. Kisha hakukuwa na kitu ila kile kioo chembamba na barabara inayoingia ndani yake. Nilimtangulia kwa urefu wa gari zima na zaidi. Saa yao ilisema maili tisini na sita.

Mara ya pili nilishindwa. Mvulana mwenye roadsta, gari la wazi lisilo na hata rangi, aliniacha kwa urefu wa pua. Nimelala nikifikiria kwa nini. Kabureta ya kati, nadhani. Chon anasema ni uwiano wa gia za ekseli ya nyuma. Tumebishana mpaka Eulalia akatutoa nje na sahani zetu.

Njoo majira ya kuchipua. Nahitaji mtu mrefu wa kunitolea injini, na hapa gerejini pana nafasi ya gari la pili. Safari hii utafute lisilo na paa.

Ardith


Kambi ya Bwawa
14 Desemba 1950

Ardith,

Ni gia za nyuma. Chon amesema kweli. Lakini usimwambie nimesema, atakuwa havumiliki.

Mkataba wangu unaisha Machi na sitauongeza. Nimeshamwambia bosi. Nyuma ya ghala moja njia ya kwenda Kalispell nimeona bodi ya gari la mwaka ishirini na tisa, isiyo na paa, imejaa theluji na sungura. Mwenyewe anasema nikiwahamisha sungura nichukue. Nitaivuta hadi kwetu.

Jana jioni nilikuwa nimelala kitandani na barua yako. Thorvald akauliza kutoka chini mbona nacheka peke yangu kama mwehu. Nikawasomea bwenini, yote, kuanzia supu hadi zile sahani. Nilipofika pale gari linapojikunja na kuondoka, karata ziliwekwa chini. Nilipotaja maili tisini na sita, kuna aliyepiga ndoo teke. Wanaume wazima, Ardith, na saruji masikioni.

Thorvald akakaa. Akasema, "Ngoja kidogo, Stroud. Wewe uko huku. Sasa ni nani alikuwa anaendesha?"

Nikakunja barua, nikaitia kwenye bahasha, nikamwambia, "Mwenye gari."

Kaka yako,
Verlin